Umri wa Ofisini

Siku ya tisa, meza ishirini na tatu zilikataa kazi.

Somoe alizihesabu akiwa bado mlangoni, mkoba begani, chupa ya chai haijafunguliwa. Meza iliyo nzima iliwaka mstari wa kijani ukingoni. Iliyokwama iliwaka rangi ya chungwa. Ukumbi ulikuwa na meza mia na ishirini. Zilizokwama zilikuwa ishirini na tatu jana, na juzi, na siku zote tangu tatizo lianze. Hazikuwa meza zilezile. Leo safu ya dirishani ilikuwa nzima na ya katikati ndiyo iliyolala. Idadi tu ndiyo iliyogoma kubadilika, na Somoe alikuwa amechoka mno hata kuishangaa.

"Fundi kaja," alisema Bakiri, karani wa meza ya sita, mikono kisogoni kama mtu aliye likizo. "Leo ni zamu yangu. Usiharakishe dada, nina usingizi wa tangu Jumapili."

"Umepata namba?"

"Nimepata. Namba safi kabisa. Haifiki popote."

"Umezima ukawasha?"

"Mara nne. Ya tano nimeona haya. Itaniuliza nina shida gani nyumbani."

Ng'ambo ya kioo wajumbe wa vijiji walijaa kwenye mabenchi, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Ilikuwa Jumatano. Ijumaa Kituo cha Mgao wa Mvua kingepandisha mitambo yake angani kuchana mawingu ya kwanza ya msimu, na kila kijiji kingeteremshiwa maji ya kupandia kwa kadiri minara yake ya shambani ilivyoomba. Mnara usio na namba hauombi. Kijiji kisichoomba hakinyeshewi. Ndiyo maana kila mjumbe alitaka kumwona karani, kwa macho yake mwenyewe, akifungua ukurasa wa kijiji chake na kumwambia: ndiyo, mmo.

"Somoe."

Mkuu wa Kituo, Bwana Chilumba, alikuwa amesimama katikati ya ngazi, hajui kama anapanda au anashuka.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Leo tena?"

"Leo tena."

"Wizarani wananiuliza kama nina fundi au nina mtazamaji." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeambiwa maneno hayo muda mfupi uliopita na hajui ayaweke wapi. "Saa nane mchana nizikute zote kijani. Ukikiona chombo kinacholeta fujo, chomoa. Usije kuniuliza. Chomoa tu."

*

Kila chombo cha kituo, iwe meza, mlango, au mnara ulio shambani kilomita sabini kutoka hapo, kikiamka hakijijui. Hupiga hodi. Hupaza sauti nyumba nzima, maana hakijui mwenyeji kakaa chumba gani. Mwenyeji ni Mgawaji, mashine iliyofungiwa chumba cha baridi ghorofani. Mgawaji hutazama daftari lake. Akimkuta mgeni ameandikwa, humjibu karibu na kumwazima namba ya kutumia kwa siku nane. Siku ya nne mgeni hupiga hodi tena kuomba aongezewe; meza, zinazozimwa kila jioni, hurudisha namba na kubisha upya asubuhi. Mgawaji asipomkuta mgeni daftarini, hanuni wala hafukuzi. Hunyamaza. Na mgeni aliyepiga hodi tatu asijibiwe, huondoka zake: mnara hulala, na hauamki tena mpaka mtu mwenye miguu aende akaubonyeze kifungo.

Walioandika utaratibu huo miaka arobaini iliyopita walikuwa vijana waliochoka kuazima taratibu za wengine. Walisema mtandao ni nyumba, na nyumba sisi tunajua inavyokaliwa. Chuoni Somoe aliwapenda kwa sababu hiyo. Aliandika hata insha juu yao, akawagombeza walimu waliofundisha somo hilo kwa maneno ya kuazima. Siku ya tisa, mapenzi yake yalikuwa yamepungua.

Siku nane alikuwa amemtibu Mgawaji. Alimfuta, akampanga upya, akambadilishia moyo mara mbili. Kila asubuhi Mgawaji aliandika katika kumbukumbu zake mstari uleule, na kila asubuhi Somoe aliupita kama unavyopita bango la barabara uliyoizoea: *Mkubwa anajibu. Nasubiri.* Alidhani ni salamu tu za kuamka.

Leo hakupanda ghorofani. Hakuwa na nguvu za ngazi. Alivuta kiti kando ya Bakiri akaanza kuandika, kwa kalamu, namba ambazo meza mbovu zimepewa. Zote zilikuwa za nyumba ya kumi na mbili, wakati nyumba ya kituo ni ya tisini. Ilikuwa sawa na kukabidhiwa ufunguo wa jengo lililobomolewa. Hilo alikuwa akilijua. Ambalo hakuwahi kulifanya ni kuzipanga.

Ya juu kabisa ilikuwa arobaini. Ya chini kabisa, kumi na nane.

"Bakiri, hebu niambie. Gesti ina vyumba arobaini. Kila siku wageni wapya ishirini na tatu tu ndio wanaopata, kuanzia chumba cha kumi na nane. Nini kinaendelea?"

Bakiri hakufungua macho. "Kumi na saba vya mwanzo vina watu. Na hawahami."

Somoe aliiangalia karatasi yake muda mrefu. Kisha akaukumbuka ule mstari, *Mkubwa anajibu*, na safari hii akausoma kama sentensi ya Kiswahili.

Ndani ya nyumba kulikuwa na mwenyeji mwingine. Kulikuwa na mkubwa, na mdogo alikuwa na adabu. Kila asubuhi hodi zilipopigwa, Mgawaji alimwachia mkubwa ajibu kwanza. Mkubwa akagawa namba zake za kale mpaka zikamwishia, meza ya ishirini na tatu, ndipo Mgawaji akafungua mdomo na kuwakaribisha waliobaki. Wala hakukuwa na kilichoharibika. Kila mmoja alifanya alivyolelewa.

Alichukua kipimo cha nyaya na kuanza kupita nacho ukutani. Kililia kama nzi ndani ya kopo, kikazidi kulia alipofika kwenye swichi mpya ya kuunganishia nyaya za mtandao, ile aliyoifunga mwenyewe siku tisa zilizopita baada ya radi kuiunguza ya zamani. Alikumbuka kebo moja isiyo na lebo, haimo hata kwenye ramani. Swichi ya zamani ilikuwa imeitenga kwa ukuta wake wa ndani, hodi zisivuke. Yeye aliichomeka pamoja na wenzake kwa sababu tundu lilikuwa wazi na wajumbe walikuwa wanasubiri. Aliifuata kebo hiyo korido nzima. Ilizama ukutani, mlango wa mwisho, chini ya kibao kilichoandikwa MASJALA.

*

Masjala ilikuwa chumba cha majalada ya karatasi. Kila Mkuu mpya aliapa kuifunga, na kila Mkuu alihamishwa kabla hajaifunga. Mtunzaji wake, Bi. Gaudensia Nakoma, alikuwa na miaka hamsini na saba kwenye faili la utumishi na sitini na tano kwenye cheti cha ubatizo. Hakulificha jambo hilo. "Mwaka ule walitaka kijana wa chini ya ishirini na mitano," alizoea kusema, "nikawa kijana."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umechelewa, nakungoja tangu siku ya pili."

Somoe aliketi bila kuambiwa, juu ya rundo la majalada. "Kiko wapi?"

Bi. Gaudensia aliinama kwenye rafu ya chini, akasogeza majalada mawili manene na kufunua kipande cha kitenge. Kisanduku kilikuwa cha rangi ya kijivu, ukubwa wa tofali, kinanguruma taratibu.

"Ni Mgawaji wa kale," alisema. "Mlipoletewa mpya, hiki kiliandikiwa hati ya kuteketezwa. Mimi ndiye shahidi wa kuteketeza. Nikasaini."

"Ukashuhudia kikiteketezwa."

"Nikasaini," alirudia Bi. Gaudensia.

"Na hao kumi na saba?"

"Minara ya Namikunda. Hiki ndicho kinachoijibu na kuyafikisha maombi yake."

Somoe alilijua jina hilo kama kila mtu alivyolijua, likiwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Kijiji cha Namikunda kilikuwa kimefungwa miaka sita iliyopita. Wakazi walipewa nyumba za bati jipya kando ya barabara kuu, na kumbukumbu zilisema wote walihama.

Bi. Gaudensia alivuta droo, akatoa fungu la bahasha lililofungwa kwa ugwe.

"Jalada lao nililifunga mimi, kwa mkono huu. Baada ya wiki mbili ikaja barua. Imeandikwa: *Sisi bado tupo.* Basi. Sasa wewe unajua, barua haiingii masjala bila namba ya jalada. Namba yao nimeshaifuta. Barua haina pa kukaa, nikaikalisha mezani kwangu. Ikaja ya pili. Walikuwa wanaeleza nani kabaki, nani mgonjwa, mihogo iko vipi. Zilipofika thelathini na moja, nikaona jalada ni mimi."

"Ungewaandikia ombi rasmi."

"Mara nne. Nimejibiwa kwamba kijiji hakipo, na kijiji kisichokuwepo hakiwezi kuomba." Alifunga fungu lake tena. "Kaya sabini na mbili. Mwaka jana walipata mapacha."

Somoe alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Alitaka kulala pale pale, juu ya majalada ya watu, kichwa juu ya mgogoro wa mpaka wa mwaka fulani. Lakini swali lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Mvua yao inatoka wapi?"

Bi. Gaudensia alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge kile kile.

"Wingu halina ziada, mwanangu. Wakiomba hawa, wanapunguziwa walio jirani. Kidogo kidogo, mtu asione. Chingulu kidogo. Mbuyuni kidogo. Mitonji."

"Mama yangu yuko Mitonji."

"Najua. Anaandika malalamiko kila msimu. Hayo yana jalada, nimeyasoma yote. Anaandika vizuri mpaka ananikera."

Somoe aliyajua maneno yenyewe bila kuyasoma. *Wingu linakuja limekatwa pindo.* Miaka sita mama yake alikuwa akimwambia hivyo kwenye simu, na miaka sita Somoe, mwenye stashahada yake, alikuwa akimjibu kwamba mashine haikosei. Labda ni mbaazi zake ndizo zilizochoka.

Kisanduku kilinguruma. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Aliyapanga mambo kama alivyopanga namba. Akichomoa, kama alivyoamriwa, meza zote zingekuwa kijani kabla Mkuu hajashuka ngazi. Minara ya Namikunda ingepiga hodi tatu, ikalala, na hakuna fundi ambaye angepewa gari la kwenda kuiamsha kwenye kijiji kisichokuwepo. Mama yake angepata wingu lenye pindo. Akiuacha mtandao ulivyo, Ijumaa ingefika wajumbe bado wako kwenye mabenchi. Kuujenga upya ule ukuta wa swichi kulitaka kibali cha makao makuu, na kibali kingetaka kujua nyuma ya ukuta kuna nini.

"Namba zao zinaisha lini?"

"Leo ni siku ya nne. Wanabisha saa saba na nusu. Huwa nakaa hapa nikiwasikiliza."

"Mama, mimi nimeambiwa nichomoe."

"Basi chomoa. Sikukuita uje unionee huruma. Nilikuwa nakungoja ili asije mtu mwingine." Alirudisha miwani usoni. "Ila utakapochomoa, nitatoka nje kwanza. Mimi nimeshawafunga mara moja, na ilinitosha."

Somoe alinyoosha mkono. Kebo ilikuwa ya moto kidogo. Aliishika kwa vidole viwili, akakaa nayo hivyo, akiwaza kuwa hajawahi kukutana na kosa la mtandao lililotunzwa vizuri namna hii.

"Kama kingekaa hapa kikahudumia hao kumi na saba tu," alisema hatimaye, kama anayejisemea, "hakuna ambaye angejua. Tatizo si kwamba kipo. Tatizo ni kwamba ndicho kikubwa. Hodi yoyote ikipigwa, kinaona ni yake."

"Basi kipunguze."

"Nini?"

"Umri," alisema Bi. Gaudensia, akishangaa kuulizwa. "Mimi nilipunguzwa miaka minane kwa siku moja. Tena kwa mhuri."

Somoe aliiachia kebo.

Mdogo hujibu hodi pale tu mkubwa anaponyamaza. Na Mgawaji hunyamaza kwa mgeni asiyemo daftarini. Kisanduku kikiwa mdogo wa nyumba, meza zote zingekaribishwa na Mgawaji, na kisanduku kingebakiwa na wale ambao hakuna mwingine anayewajibu. Mambo ya kubadili hayakuwa zaidi ya mstari mmoja. Kwa siku tisa alikuwa ametafuta hitilafu katika mashine iliyosema ukweli kuhusu umri wake, ndani ya ofisi ambayo hakuna aliyefanya hivyo.

Alichomeka kompyuta yake ya mkononi. Mstari ulikuwa wa tatu kutoka juu. *Mwaka wa kuzaliwa.* Aliufuta, akaandika mwaka huu.

"Sasa kina miaka mingapi?" aliuliza Bi. Gaudensia.

"Kina siku moja."

"Kimetupita wote."

Kisha skrini ikauliza: *Nani anabadilisha?*

"Andika jina langu," alisema Bi. Gaudensia haraka. "Mimi ni mzee, watanifanya nini?"

Somoe alikawia. Kwa umri wa ofisini, Bi. Gaudensia alikuwa na miaka mitatu kabla ya kustaafu. Baada ya hapo barua zingefika mezani kwa nani? Na kuna siku mtu angekaa juu ya majalada haya na kuuliza mvua ya Namikunda inatoka wapi. Ingefaa ajibiwe na mtu ambaye mama yake yuko Mitonji. Hakuwa na hakika kama hilo lilikuwa wazo au ni uchovu tu. Aliandika: *Somoe Nandonde*. Akabonyeza.

Kisanduku kikanyamaza ili kizaliwe upya. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini na tano.

"Kinachukua muda gani?"

"Dakika tatu."

Zilipita tatu. Zikapita nne. Kilikuwa chombo cha kale, na umri wa kwenye karatasi haukukiongezea mbio. Bi. Gaudensia alikuwa amesimama, kiganja kimoja juu ya rafu. Saa saba na nusu taa ya kebo, iliyokuwa imemweka mara moja moja, ilianza kupepesa kwa nguvu. Namikunda walikuwa mlangoni.

"Hodi ya kwanza," alisema Bi. Gaudensia.

Dakika moja baadaye taa ikapepesa tena.

"Ya pili."

Kisanduku kikakohoa, feni yake ikaanza kuzunguka, ngurumo ikarudi. Skrini ikajaza mstari mmoja mmoja, bila haraka: *Mkubwa amenyamaza. Najibu.* Mnara wa kwanza. Wa pili. Wa tano. Wa kumi na moja. Bi. Gaudensia alihesabu kwa vidole, na vidole vilipokwisha akahesabu kwa bahasha.

Kumi na sita.

Walingoja. Somoe aliigusa skrini, kana kwamba kuna kilichonata.

"Ni upi?"

"Wa kisimani. Saa yake hutangulia." Bi. Gaudensia aliketi polepole. "Ulipiga hodi zake tatu kisanduku kikiwa kimya, ukaondoka."

Bi. Gaudensia alichukua fomu ya ruhusa kutoka kwenye rundo, akailamba ncha ya kalamu kwa mazoea ya zamani.

"Kesho nina msiba," alisema. "Kutoka barabara kuu ni mwendo wa saa nne. Kifungo kipo upande gani?"

"Nyuma, chini ya kifuniko. Ukibonyeze mpaka uhesabu kumi." Somoe alifunga kompyuta yake. "Mama, utaweza huo mwendo?"

"Kwa miaka ipi?"

*

Saa nane kamili meza mia na ishirini zilikuwa kijani. Bakiri alikuwa anafungua kurasa kwa kasi ya mtu aliyelala vya kutosha, akisema ndiyo, mmo, ndiyo, mmo, mwingine. Mkuu wa Kituo alitembea safu kwa safu akigusa kingo za meza.

"Lilikuwa nini?"

"Umri, Mkuu. Mashine mbili, umri wao haukwenda na kazi zao. Nimeurekebisha."

"Kumbe jambo dogo."

"Dogo."

"Weka kwenye taarifa." Alimkabidhi karatasi yenye mistari mitatu. Somoe aliandika kwenye wa kwanza *tatizo limeondolewa*, akauacha wa pili, wa chanzo, wazi, akasaini wa tatu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliurithi.

Simu ililia alipokuwa anafungua chupa yake ya chai, iliyokwisha poa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjumbe wetu amepiga simu kutoka hapo kwenu. Anasema mashine imetengenezwa, na fundi ni wewe. Nimemwambia huyo ni wangu."

"Ndiyo, mama. Imetengenezwa."

"Basi mwaka huu wingu litakuja zima?"

Somoe alitazama korido. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi, na Bi. Gaudensia alikuwa anaupitisha ugwe kwenye viatu vyake vya zamani, anavijaribu kama vitafaa kwa safari.

"Mama," alisema, "malalamiko yako, usiache kuyaandika."

"Kwani umeshayasoma?"

"Bado. Nitayasoma yote. Wingu litakuja kama lilivyokuja mwaka jana."

Upande wa pili Somoe alimsikia mama yake akivuta kiti, akiketi, na nyuma yake jogoo mmoja wa Mitonji akiwika saa isiyo yake.

"Kwa hiyo si mbaazi zangu," alisema mama yake.

"Hapana, mama. Hazikuwa mbaazi zako."